Vifaranga Wasiolishwa

Bwawa la kuhifadhi maji likijazwa kwa mara ya kwanza huua miti iliyokuwa bondeni, na miti hiyo haianguki upesi. Hubaki imesimama majini miaka na miaka, mikavu, matawi yamechomoza, na yangeyange hawajui mahali pazuri pa kujenga kuliko hapo. Wanapanga kiota juu ya kiota, vijiti vitupu, na makinda wakishaanguliwa kelele haikatiki kutwa. Mzazi akitua, kinda humkamata mdomo na kumning'inia mpaka atapike alichokileta. Wazazi huanza kuatamia yai la kwanza au la pili likishatagwa, kwa hiyo mayai huanguliwa kwa kupishana siku, na kifungua mimba anakuwa ameshanenepa siku ambayo kitinda mimba anatoboa ganda. Chakula kikipungua, mkubwa humdonoa mdogo kichwani mpaka akome kuomba. Wazazi wapo hapo hapo, wanatazama, hawaamui ugomvi.

Wengi wanaofika bwawani na darubini huelekeza macho kwenye mti huo, na siwalaumu, maana pale kuna mchezo wa kuigiza usiokwisha. Mimi huupa mgongo. Ninachofuata ni ule ukanda wa tope kati ya nyasi na maji, mahali panapoonekana hapana kitu, ambapo ulezi wa namna nyingine kabisa unaendelea, ulezi usio na chakula. Ndege wengi wa tope huangua watoto ambao hawatawapa hata mnyoo mmoja maisha yao yote, na bado sijaona wazazi wanaofanya kazi kuliko hao.

Chukua yule ambaye wanasayansi humwita Himantopus himantopus. Yuko Afrika, Ulaya na Asia, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwembamba mweusi ulionyooka, na miguu ya rangi kati ya waridi na nyekundu, mirefu kupita kiasi. Mimi humwita miguumirefu, na aliyemwona mara moja haniulizi kwa nini. Kiota chake ni aibu tupu ukimkumbuka fundichuma, ambaye kwenye mti wa jirani hurundika vijiti na tope mpaka likapatikana jumba ambalo mtu mzima angeweza kusimama juu yake. Miguumirefu anakwaruza kishimo kwenye tope au kwenye kisiwa kidogo cha nyasi zilizolala, anaokota mabua mawili matatu na vipande vya ganda la konokono, basi, kazi imekwisha. Humo anataga mayai manne.

Manne ni idadi ya kawaida kwa ndege wengi wa kundi hili, na umbo la mayai yao linaeleza mengi. Upande mmoja ni mnene, mwingine umechongoka. Wakiyapanga, ncha zote nne huelekea katikati na mayai hushikamana kiasi kwamba tumbo moja dogo linayafunika yote. Inabidi yashikamane, kwa sababu ni makubwa mno kwa mwili ulioyataga. Kwa baadhi ya aina ndogo kabisa za jamii hii, mayai manne yakipimwa pamoja uzito wake hukaribia uzito wa mama yao. Mtu akiniambia kwamba ndege hawa hawalishi watoto, humjibu kwamba wamelisha kabla, tena wamelisha kwa jumla. Ndani ya ganda kumewekwa kiini cha kutosha kumjenga kifaranga mpaka awe na macho yaliyofunguka, manyoya laini mwilini na miguu inayojua kukimbia, na bado kinabaki kiini kidogo tumboni mwake cha kumvusha siku ya kwanza akiwa hajajua kula.

Kuatamia kwenye tope lisilo na kivuli kuna tatizo ambalo watu hawalifikirii. Tunadhani mzazi analala juu ya mayai ili yapate joto. Saa saba mchana, penye jua kali, analala juu yake, au husimama tu juu yake, ili yasipate joto. Miguumirefu hupokezana, jike na dume, na kabla ya kushika zamu yule anayekuja huingia majini kwanza, akachovya tumbo, akalitikisa, akachovya tena, kisha akatembea haraka hadi kiotani manyoya yakidondoka maji. Ukiona ndege anaoga nusunusu namna hiyo, yaani tumbo tu na mgongo mkavu, usiondoe darubini. Atakupeleka kwenye mayai yake mwenyewe.

Bingwa wa mbinu hiyo simkuti bwawani, kwa kuwa yeye ni ndege wa mito yenye mchanga, lakini siwezi kumpita. Ni Pluvianus aegyptius, anayeishi kandokando ya mito ya Afrika Magharibi na ya Kati mpaka Ethiopia. Wengi wanamhusisha na hadithi ya Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyeandika kwamba kuna ndege huko Nile anayeingia kinywani mwa mamba na kumla ruba. Thomas Howell, mwanazuolojia Mmarekani, alimfuatilia ndege huyu Gambela, Ethiopia, katika miaka ya 1970, na mwaka 1979 akachapisha alichokiona. Mambo ya mamba hakuyakuta. Alichokikuta ni kizuri zaidi. Mayai huzikwa mchangani yakafunikwa kabisa, na wazazi hupeleka maji kwa manyoya ya tumbo na kuuloanisha mchanga jua likipanda. Vifaranga wakishatoka, hatari ikija, mzazi huwafukia na wao mchangani, halafu akauloanisha. Herodotus angesimuliwa hayo sidhani kama angehitaji mamba.

Narudi bwawani. Tofauti na yangeyange, ndege wa tope hawaanzi kuatamia kwa dhati mpaka yai la mwisho liwe limetagwa, au karibu. Kwa hiyo baada ya siku kama 23 hivi hadi 25, mayai yote manne huanguliwa karibu kwa pamoja, na ndani ya siku moja familia imehama. Hapo hakuna kifungua mimba wa kumpiga kitinda mimba kwa sababu wote ni rika moja, na hata angekuwepo, hakuna chakula kinacholetwa cha kugombania.

Kabla ya kuhama, mzazi huchukua maganda na kuyatupa mbali. Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilijaribu jambo hili na wenzake kwa shakwe huko Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1962. Waliweka mayai mengine peke yake na mengine jirani na ganda lililovunjika, na yale yenye ganda jirani yakaliwa zaidi na kunguru na shakwe wengine. Upande wa ndani wa ganda ni mweupe. Nje yai limepakwa rangi ya tope na madoadoa mpaka halionekani, kisha ndani lina bendera. Miguumirefu anajua kuishusha bendera hiyo, na huenda ndiyo kazi ya mwisho ya usafi atakayoifanya, maana kiota hakitatumika tena.

Sasa wako nje, wanne, kila mmoja mwepesi kuliko barua, wamesimama kwenye miguu ambayo tayari ni mirefu kiasi cha kuchekesha. Siku ya kwanza wanadonoa kila kitu. Wanadonoa jiwe, kivuli chao, mguu wa mama, povu. Hakuna anayewaonyesha. Baadaye siku hiyo hiyo au kesho yake, donoo moja linapata kitu kinachojikunja, na kuanzia hapo unaona madonoo yanabadilika, yanakuwa machache na ya uhakika. Nimekaa muda mrefu nikitazama badiliko hilo tu, na kama kuna saa yangu moja bwawani ambayo nisingeibadilisha na nyingine, ni hiyo.

Basi wazazi wanafanya nini, kama hawalishi?

Kwanza wanapasha joto. Kifaranga wa siku chache hawezi kushika joto la mwili wake mwenyewe. Anakula dakika kadhaa, anapoa, anaanza kusinzia kwa miguu, na mzazi anaita sauti ndogo ya chini ambayo kwa mbali huisikii, ila unaona tu vifaranga wanageuka wote na kukimbia. Wanaingia chini ya tumbo. Ndege mmoja, miguu kumi. Baada ya muda wanatoka tena, mmoja mmoja, wakiwa wakavu na wachangamfu. Mvua ya baridi ikikaa kutwa nzima, hesabu hii inaharibika. Wakiwa nje wanapoa, wakiwa chini ya mama hawali, na hapo ndipo familia nyingi hupungua pasipo adui yeyote kuonekana. Watu hutafuta kunguru wa kulaumu wakati aliyeua ni wingu.

Pili wanaongoza. Hawabebi chakula kwa mtoto, wanampeleka mtoto kwenye chakula. Mzazi huisogeza familia ukingoni mahali ambapo maji ni ya kina cha kidole, tope bado ni laini na mabuu wako juu. Kifaranga akizidiwa na kina, anaogelea, na anaogelea vizuri kuliko unavyotarajia kwa kiumbe mwenye miguu ya kutembelea. Mahali pakikauka, wanahama. Ukirudi kesho ukawakosa, usidhani wameliwa. Angalia tope lilipo.

Tatu wanalinda, na hii inakula muda kuliko yote mengine. Mmoja wa wazazi karibu kila wakati ameinua shingo. Mwewe akipita juu, inatoka sauti ya aina fulani na vifaranga wanalala palepale walipo, kidevu kwenye tope, wasitikisike. Rangi yao inamaliza kazi. Nimewahi kumtazama mmoja kupitia darubini, nikapepesa macho, nikashindwa kumpata tena ingawa hakusogea hata kidogo. Hatari ikipita, sauti nyingine, na tope linasimama na kuanza kutembea.

Kwenye kulinda, hata hivyo, miguumirefu ni mwanafunzi. Mwalimu ni jirani yake Vanellus armatus, ndege mweusi, mweupe na kijivu wa kusini na mashariki mwa Afrika, ambaye sauti yake ni nyundo juu ya fuawe. Ting, ting, ting. Huyu hajifichi. Mbwa akisogea, anamrukia kichwani. Kenge akitambaa kwenye majani, anamfuata hatua kwa hatua akimpigia nyundo mpaka kila kiumbe ukingoni ajue kenge yuko wapi, na ndiyo maana ndege wengine hupenda kutaga jirani naye. Ng'ombe wakija kunywa maji, anafanya jambo ambalo ukilisimulia utaitwa mwongo. Anasimama mbele ya mayai yake, anafungua mabawa, anainamisha kichwa, na mnyama mwenye uzito wa mamia ya kilo anakunja njia. Ng'ombe wa pili naye anakunja. Kundi zima linapita kando, na kwenye tope kunabaki alama za kwato zimezunguka kiota.

Ulinzi wa vitwitwi na ndugu zao wadogo ni wa uongo mtupu. Adui akikaribia, mzazi anaondoka mbio kimyakimya, halafu akiwa mbali kidogo anaanguka ubavu, anaburuta bawa moja, anapiga kelele za uchungu. Nguchiro anayependa mlo rahisi anageuka kumfuata. Kila akikaribia kumfikia, mgonjwa anapata nafuu ya hatua mbili. Wakishafika mbali ya kutosha, bawa linapona na ndege anaruka zake.

Kwa muda mrefu igizo hili lilielezwa kama tukio lisilo na akili, mvurugiko wa mwili kati ya kutaka kukimbia na kutaka kubaki. Carolyn Ristau, mtafiti wa Marekani, hakuridhika. Alikwenda pwani za mashariki ya nchi hiyo kwa ndege wa jamii hii na kuwatembeza watu karibu na viota, wengine wakitazama upande wa kiota na wengine upande mwingine, kisha mwaka 1991 akatoa maelezo yake. Ndege walishtuka zaidi kwa mtu aliyekuwa akitazama upande wa mayai kuliko kwa yule aliyepita akitazama kwingine. Pia waliona tofauti kati ya mtu aliyewahi kuwasumbua na yule aliyepita tu kwa amani. Na wakati wa kuigiza, huwa wanageuka kumtazama mfuasi, na asipofuata wanarudi karibu zaidi na kuongeza maigizo. Sisemi ndege anajua maana ya kudanganya. Nasema tu kwamba mvurugiko wa mwili hauna kawaida ya kugeuka nyuma kuangalia kama watu wanaamini.

Nimezungumza kana kwamba kila familia ina baba na mama. Nenda kwenye ghuba tulivu ya bwawa, ile yenye yungiyungi, umwone sile-maua, ndege wa rangi ya kahawia kama matofali, paji la buluu, vidole virefu vinavyotawanya uzito wake mpaka anatembea juu ya majani. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa mbali, na kazi yake ni kugombania eneo na kutaga. Anataga mayai manne kwenye kiota cha dume mmoja, yenye kung'aa na michoro myeusi iliyopindana, kisha anaondoka, na siku zikipita anataga kwa dume mwingine. Kuatamia ni kwa baba peke yake. Kulea ni kwa baba peke yake.

Kiota chenyewe ni rundo la majani yaliyoloana, na mara nyingi linazama huku mayai yamo. Baba hulala ameyachukua mayai juu ya mabawa yake, yaani mayai yamebanwa kati ya bawa na ubavu, hayagusi maji. Rundo likizidi kuzama, huyasogeza mayai hadi kwenye rundo jingine. Vifaranga wakianguliwa, wanajitafutia wadudu juu ya majani kama ndugu zao wa tope. Lakini hatari ikija wana njia mbili. Ya kwanza ni kupiga mbizi na kukaa chini ya maji, ncha ya mdomo tu ndiyo imetokeza. Ya pili ni kukimbilia kwa baba, naye anachutama, anawapokea chini ya mabawa, anayabana, anasimama na kuondoka nao. Kwa mbali unaona ndege mmoja anayetembea na miguu mingi, ile ya ziada ikining'inia ubavuni, vidole vimelegea. Wanaomwona kwa mara ya kwanza huuliza ana ugonjwa gani.

Jike yuko wapi muda huo? Mara nyingi yuko karibu, anamfukuza jike mgeni anayetaka kuvunja mayai au kuua vifaranga ili dume abaki bila kazi. Kwa hiyo msimwite mama mbaya, kama nilivyosikia watu wakisema wakiwa wameshika darubini. Ulinzi wa mipaka nao ni ulezi, hata kama hauna sura ya ulezi.

Wapo wanaovunja kanuni ya kutolisha. Chekeamwezi, mwenye macho makubwa ya njano, hukaa mchana kutwa bila kujitikisa, na siku za mwanzo huwapelekea vifaranga wadudu mdomoni. Walaji wa chaza wa pwani hulisha watoto wao kwa wiki nyingi, kwa sababu kufungua gamba la chaza ni ufundi ambao mdomo wa mtoto hauuwezi. Ukiwatazama hao, unaelewa wengine. Chakula kikiwa ni kitu ambacho mdomo wa siku moja unaweza kukiokota, mzazi anaachwa huru kufanya kazi ya ulinzi, na mtoto anaachwa huru kuondoka kiotani.

Uhuru huo unafika mbali. Baadhi ya ndege wanaojaa kwenye tope la mabwawa ya Afrika kila mwaka hawakuzaliwa hapo. Calidris ferruginea, mdogo mwenye mdomo uliopinda, anazaliana Siberia, kaskazini kabisa. Dume huondoka mapema, mayai yakiwa bado yanaatamiwa. Jike hulea peke yake na kisha naye hutangulia. Vijana hubaki, wananenepa, na wanaanza safari ya kuja kusini bila mkubwa aliyewahi kuipita njia hiyo. Mwaka 2022 ndege mwingine wa tope, wa aina ya Limosa lapponica, mwenye umri wa miezi mitano tu na kifaa cha setilaiti mgongoni, alitoka Alaska akaruka siku 11 bila kutua mpaka Tasmania, kisiwa cha Australia, kilomita 13,560. Wazazi wake hawakuwahi kumtia kitu kinywani. Kila nikikuta vijana wa namna hiyo wanadonoa ukingoni, huwa nawatazama kwa heshima ambayo siwapi hata tai.

Adui mkubwa wa familia zote hizi bwawani hana mdomo wala kucha. Ziwa la asili hupanda na mvua na kushuka na kiangazi, na ndege wamezoea kalenda hiyo. Bwawa hufuata kalenda nyingine, ya mashamba yanayosubiri maji, ya mitambo ya umeme, ya hofu ya mafuriko huko chini. Maji yakiteremshwa, tope linafunuka, tope likifunuka chakula kinafunuka, na ndege wanakubali mwaliko na kutaga. Kisha lango linafungwa. Kiota kilicho sentimita kumi juu ya maji leo, kesho kutwa kiko chini yake, bila tone la mvua kudondoka.

Miguumirefu hupigana na hali hiyo kwa namna inayonitia uchungu kuitazama. Maji yakianza kusogea, anaanza kuongeza. Anaokota mabua, majani, vijiti, chochote kilicho ndani ya urefu wa mdomo, na kuvisukuma chini ya mayai huku amelala juu yake. Kiota kilichokuwa mabua matatu kinakuwa kichuguu. Maji yakipanda polepole, anashinda, nimeona akishinda. Yakipanda kwa kasi, hashindi. Akishapoteza mayai mapema katika msimu anaweza kutaga tena, na akishapoteza hayo ya pili mvua zinakuwa zimeshampita.

Siku moja nilimuuliza mzee anayesoma kipimo cha maji pale ukingoni. "Mzee, wiki hii maji yatapanda?"

"Wakifunga mlango wa chini, mwanangu, kesho jioni hapo uliposimama utaogelea."

"Na wakiuacha wazi?"

"Basi tutatembea hadi kile kisiki."

Nikamkaribisha kwenye darubini ya miguu mitatu, akainama, akakaa kimya kidogo. "Huyu amelala kwenye tope tupu. Ana nini pale?"

"Mayai manne."

"Manne! Mbona mimi napita hapo kila asubuhi na sijawahi kuyaona?" Halafu akacheka. "Kumbe nimekuwa nikisoma maji ya watu wenye nyumba."

Wanaotembea ukingoni na kamera wanapaswa kusikia maneno ya yule mzee, maana mayai usiyoyaona ndiyo unayoyakanyaga. Na hata usipokanyaga, mzazi aliyeinuka kwa ajili yako ameyaacha mayai juani. Saa saba mchana dakika chache zinatosha kuyapika. Ndege akianza kukupigia kelele au kuburuta bawa mbele yako, picha unayoifurahia ni ya mzazi anayekusihi uondoke. Rudi nyuma, kaa chini, tumia lenzi ndefu. Sina zaidi la kusema juu ya hilo na sina upole nalo.

Lakini mpiga picha anaharibu kiota kimoja. Lango linaharibu vyote. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Februari 2, 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unahesabu kuwa ardhioevu maeneo ya asili na yale yaliyotengenezwa na watu, ya kudumu na ya muda. Kwa maneno mengine, bwawa nalo limo. Sidhani kama mtu mwenye akili atadai mashamba yakauke au mji ukose umeme kwa sababu ya ndege wa gramu mia mbili hivi, nami sidai. Ninachokiona nikipiga hesabu ni kwamba ombi ni dogo kuliko linavyosikika. Kifaranga wa miguumirefu anahitaji karibu mwezi mmoja tangu kuanguliwa ndipo aruke, lakini katika mwezi huo maji hayamtishi sana, kwa sababu hakai kiotani akingojea kulishwa. Ukingo ukisogea, anasogea nao. Kipindi ambacho kupanda kwa maji ni kifo cha hakika ni kile cha mayai peke yake, wiki tatu na nusu. Wanaoshika lango wakiweza kuyashikilia maji yasipande kwa wiki hizo, au kuyapandisha kidogokidogo badala ya mara moja, miguumirefu ataongeza mabua yake na kuyashinda maji. Baada ya hapo wafunge tu. Tope litafunikwa, na waliokuwa juu yake watakuwa wameshatembea hadi kwenye ukingo mpya, kila mmoja akijidonolea chake.